Redio ya Bendi Moja

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Mwanangu Jofrey alipobandua gundi ya kiboksi mbele ya wageni na kuinua juu kile kitochi, simu ndogo ya vitufe yenye taa kichwani, ilinifikia puani harufu ya plastiki mpya na karatasi ngumu, na papo hapo nikawa nimesimama tena dukani Nakonde, kijana wa miaka kumi na mitano mwenye viganja vilivyolowa jasho, nikisubiri kukabidhiwa kitu nilichokuwa nimekitamani kuliko chakula.

Zawadi ile ilikuwa ya mjukuu wangu Eliza, aliyekuwa amepata kipaimara asubuhi hiyo. Binti yuko sekondari, na alikuwa ameomba, kwa adabu na kwa sababu zinazoeleweka, simu ya kupangusa kama za wenzake darasani. Baba yake hakumjibu faraghani, kama mtu mwenye staha angefanya. Alimjibu mbele ya wazee wa kanisa, wakwe na majirani, sahani za pilau zikiwa magotini mwao. Alisema simu ni ya kupiga na kupigiwa, kwamba yaliyobaki ni uharibifu, na kwamba yeye anachotaka ni binti apatikane anapohitajika. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba yangu huyu hapa alisomea Tunduma, mpakani kabisa, na redio ya bendi moja. Mnamwona alivyo."

Walipiga makofi. Mzee mmoja akaniomba niseme neno la baraka juu ya ile simu. Niliomba radhi, nikatoka nje kupunga upepo, na bila shaka walidhani ni uzee.

Sasa nalisema neno hilo, ingawa si la baraka. Nimetumia miaka yote ya utumishi wangu nikihakikisha kwamba kilichoandikwa kinalingana na kilichotokea, na siwezi kuacha uongo mmoja ukiendelea kuzunguka katika ukoo wangu ukiwa umevikwa joho la malezi bora. Wenzangu wa rika langu watanielewa bila maelezo mengi. Vijana, kama wapo wanaosoma, wavumilie.

Nililelewa Iyula, katika nyumba iliyozungukwa na mibuni, wakati upande wetu wote ulikuwa bado mkoa wa Mbeya. Nasema hivyo kwa ajili ya wale wanaodhani mkoa wa Songwe ulikuwepo tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Mama alikuwepo, lakini mwenye kauli pale nyumbani alikuwa bibi mzaa mama, mwanamke mwembamba mwenye kifua kibovu, aliyenukia moshi wa kuni na majani ya mkaratusi aliyoyachemsha kwa ajili ya pumzi yake. Bibi hakujua kusoma. Redio, hata hivyo, aliiheshimu kuliko watu wengi waliosoma.

Jirani yetu mmoja alikuwa nayo. Kila jioni, taarifa ya habari ikiisha, watu walijaa uani kwake kusikiliza matangazo ya vifo. Simu hazikuwepo, na barua ingeweza kufika baada ya arobaini. Mtu alipofariki, ndugu zake walikwenda kulipia tangazo, na jioni ile sauti ya Dar es Salaam, sauti isiyo na haraka, ikasoma jina la marehemu, mahali alipofia, siku ya mazishi, halafu majina ya wale ambao habari iwafikie, mmoja mmoja, pamoja na mji alipo kila mmoja. Mazishi yaliwangoja waliotajwa. Ilikuwa ni kama kuitwa mbele za watu kwa jina lako kamili, na kwetu mtu aliyeitwa hivyo asitokee alihesabiwa kuwa amemkana maiti. Wakati majina yakisomwa, uani kwa jirani hata kikohozi kilimezwa, na bibi alimeza cha kwake kwa shida kuliko wote.

Sisi watoto tulingoja kitu kingine, yaani salamu. Mtu alituma kadi, na baada ya majuma au miezi jina lake likasomwa, likafuatiwa na wimbo. "Kusomwa" ilikuwa heshima isiyo na mfano. Kijana aliyesomwa alitembea tofauti kwa msimu mzima. Na mimi nilikuwa nimetuma kadi yangu, nikiomba salamu zimfikie bibi yangu mpendwa huko Iyula, na tangu siku hiyo nilikuwa naishi kwa kusubiri jina langu.

Nilipochaguliwa kuingia sekondari ya kutwa iliyokuwa imefunguliwa Tunduma, iliamuliwa nikakae kwa Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba. Bibi alikubali kwa sharti moja, na nililisikia mwenyewe nikiwa nimechuchumaa kando ya meko. Alimwambia Baba Mkubwa kwamba mtoto awe na redio yake. Kifua chake kilikuwa kimezidi, na hakutaka kuficha.

"Nikiita, asikie," alisema. "Hilo tu ndilo ninaloomba."

Alimtoa beberu wake na gunia la maharage kwa ajili hiyo, Baba Mkubwa akavipakia kwenye lori, akaahidi mbele ya mama na mjomba Asheri kwamba nitapewa redio.

Sitaki kumwonea Baba Mkubwa, kwa hiyo nitamweleza kama alivyokuwa. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na sabuni, mzee wa kanisa, mwenye kitambi kidogo cha heshima na tabia ya kufumba macho anapozungumza, ili asione kama watu wamechoka. Sebuleni kwake, ndani ya kabati la vioo lililofungwa kwa ufunguo, kulikuwa na redio kaseti kubwa ya bendi tatu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Aliifungulia redio hiyo saa za taarifa ya habari na siku za mpira. Matangazo ya vifo yalipoanza aliizima kwa haraka, akisema kwamba maiti za watu zinammalizia betri. Wageni walicheka kila alipoirudia kauli hiyo, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka, kwa kuwa sikujua bado kwamba inanihusu.

Kwa hiyo tulivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Ndiyo kwanza biashara ya mpakani ilikuwa imeruhusiwa, na vitu tulivyokuwa tunavisikia kwa majina tu vilikuwa vimepangwa rafuni peupe: mafuta ya kupikia, blanketi, viatu vya raba, na redio. Mwenye duka alimkaribisha Baba Mkubwa kwa "Mwaiseni, ba tata," akaweka redio mbili juu ya meza. Moja ilikuwa na bendi tatu. Nyingine ilikuwa ndogo, ya bendi moja, ndani ya mfuko wa ngozi wenye matundu, yenye harufu ile ambayo imenirudia uzeeni. Beberu na maharage ya bibi yangetosha kununua yoyote kati ya hizo, na mwenye duka alianza kuisifia ile ya bendi tatu.

"Bendi tatu za nini?" Baba Mkubwa alimkatiza. "Mtoto ana masikio mangapi?"

Mwenye duka alicheka, kwa sababu mteja ni mteja. Baba Mkubwa akanieleza, macho yamefumbwa, kwamba bendi ya kwanza ndiyo ya nyumbani, na kwamba hizo nyingine huongezwa kwa ajili ya watu wanaotaka kusikiliza mambo ya nje. Alilitamka jambo hilo kwa utulivu wa mtu anayejua. Hakuwa amemuuliza yeyote. Hakuwa hata ameinama kutazama bendi zipi zimeandikwa kwenye redio yake mwenyewe, ile aliyoifungulia kila siku. Mwenye duka aliiwasha ile ndogo, sauti ikatoka nene na safi, Baba Mkubwa akatikisa kichwa kukubali. "Inaongea," akasema, na biashara ikaishia hapo.

Jumapili iliyofuata nilikabidhiwa rasmi. Ndiyo, kulikuwa na hafla, kama ya Eliza. Wazee wa kanisa waliitwa, soda zikafunguliwa, sala ikasomwa. Baba Mkubwa alihutubia kwamba kijana anayepewa dunia nzima hupotelea humo, na kwamba yeye amechagua kunipa kile kinachonifaa tu. Wazee waliguna kwa kuridhika. Mmoja alisema laiti wazazi wote wangekuwa na busara hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao, na miongoni mwao walikuwepo watu wenye redio, aliyeuliza kama kile kidude kinaweza kufanya kazi ambayo mwanamke mgonjwa huko Iyula alikuwa amekilipia.

Kisha niliambiwa niiwashe. Ikatoka sauti ya mwanamume akisalimu, "Mulishani mukwai," na baada ya hapo Kibemba kitupu, lugha ya ng'ambo.

Nilizungusha kile kigurudumu kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kisha tena. Pote palikuwa na mkoromo, isipokuwa mahali pale pamoja ambapo yule bwana wa ng'ambo alikuwa akiongea kana kwamba amekaa stoo kwetu. Baba Mkubwa hakufumbua macho. "Stesheni yetu inakuja hewa ikitulia," alisema. "Atazoea." Wazee wakakubali kwamba hewa ndivyo ilivyo, wakamalizia soda zao.

Na mimi niliamini. Hapo ndipo mtoto anapotofautiana na mtu mzima: Baba Mkubwa alisema jambo asilolijua, wazee wakalikubali kwa sababu ya soda, lakini mimi nililiamini kwa moyo wangu wote na nikalifanyia kazi. Nilichunguza kwa nini hewa ya Tunduma haitulii, na jawabu sikulikosa. Malori. Yalipanga foleni kutoka mpakani hadi nisikoweza kuona, yakinguruma, yakitoa moshi mweusi na kutimua vumbi lililotua juu ya kila kitu, hadi kwenye ugali. Niliona wazi kwamba sauti kutoka Dar es Salaam, baada ya kusafiri umbali wote ule, inafika juu ya mji wetu na kuchafuliwa na malori. Iyula hakukuwa na malori, na redio ya jirani ilisikika vizuri. Redio kubwa kama ile ya kabatini zilisikika, nikadhani zina nguvu ya kuyashinda malori. Ushahidi gani mwingine ungehitajika? Nilifunga waya kwenye bati la jiko. Nilianika betri juani zipate nguvu. Kila jioni, saa ya matangazo ilipofika, nilikaa nyuma ya nyumba na redio imebanwa sikioni, harufu ya ngozi yake na ya dizeli zikichanganyika, nikingoja foleni isogee.

Ng'ambo nao walikuwa na matangazo yao ya vifo. Neno la kwanza la Kibemba nililolielewa lilikuwa imfwa, kwa maana lilirudiwa mno, na ni kifo. Baada ya hilo nilianza kutambua majina ya ukoo, majina ya miji, mama wa fulani, babu wa fulani. Kufikia mvua za kwanza nilikuwa nikiwajua marehemu wa Kasama, wa Mpika na wa Isoka, nikajua ni nani wanaotakiwa kufika na kwa mazishi yapi. Niliwahuzunikia, kwa kuwa sikuwa na wa kwangu wa kuwasikiliza.

Baba Mkubwa alipita Iyula kununua mahindi, akarudi na kunieleza kwamba bibi alimuuliza habari za redio. Alikuwa amemjibu kwamba mtoto anasikiliza kila siku. Naomba msomaji aitazame kauli hiyo kwa makini. Haina neno hata moja la uongo. Ni aina ya kauli ambazo katika utumishi wangu nilizikuta katika taarifa za watu ambao baadaye ilibidi wahojiwe. Nilielezwa na mama, miaka mingi baadaye, kwamba bibi aliiamini, na kwamba tangu siku hiyo hakuwa na wasiwasi tena juu yangu.

Basi ilikuwa asubuhi moja ya masika, nafika shuleni na viatu vilivyojaa tope, Kenani akanikimbilia. Kenani alikuwa rafiki yangu wa darasani, mtoto wa nyumba yenye redio ya bendi tatu, na alikuwa anatweta.

"Obedi, umesomwa!"

Nilimwambia asinitanie.

"Haki ya Mungu, jana jioni. Nilikuwa nje nasuuza vyombo, nikamsikia kabisa dirishani. Obedi, mjukuu wake, aliyeko Tunduma. Nikaacha sufuria nikakimbia, nakuta ameshapita kwa mwingine."

Mjukuu. Tunduma. Kadi yangu ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo: mimi Obedi, mjukuu wako, niliyeko Tunduma, kwani niliituma baada ya kujua kwamba ninahamia huko. Nilijisikia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto kuanzia utosini. Darasa zima lilijua kabla ya kengele ya pili. Walinibeba juu juu hadi mlangoni, wakaniita mheshimiwa, wakaniuliza ni wimbo gani ulipigwa, nikasema bila shaka ule niliouchagua. Mwalimu wa zamu alinitaka nisimame, akasema kwamba sasa kwa kuwa ninajulikana nchi nzima nijitahidi na hesabu zijulikane. Nilicheka hadi machozi. Mapumziko nilitembea uwanjani polepole, mikono nyuma, nikifikiria kwamba bibi naye ameketi uani kwa jirani, amesikia jina langu, na wanawake wenzake wamempa mkono.

Tulipotoka shuleni bado nilikuwa nimezungukwa na wavulana. Mama yake Kenani alikuwa anakuja kutoka sokoni, kapu mkononi. Alituona kwa mbali, akasimama. Tulipomfikia alinitazama mimi peke yangu, nikicheka vile, na sijasahau uso wake.

"Mwanangu," aliniuliza, "wewe bado uko hapa?"

Sikuelewa swali. Aliweka kapu chini kwenye tope, akanishika bega, akanieleza. Alikuwa amelisikia tangazo lote, jana na juzi yake. Jina la bibi, Iyula, siku ya mazishi iliyosogezwa mbele kwa ajili ya wanaosubiriwa, na majina ya wanaosubiriwa. Alikuwa ameamini kwamba nimeondoka tangu juzi, maana hakuna asiyejua kwamba mtoto wa nyumba ile ana redio yake. Na mazishi, alisema, yalikuwa leo.

Baba Mkubwa alikuwa Nakonde. Tuliondoka kesho yake asubuhi na lori la mahindi. Njia nzima alinieleza, macho yamefumbwa, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba pengine ni bora nilikosa habari, kwani ningevurugika masomo. Nilimsikiliza. Sikuwa na hasira naye, nalisema hili kwa aibu ya akili yangu ya wakati ule. Hasira yangu yote ilikuwa juu ya malori, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda moja.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya mibuni, udongo wake umeshaanza kupasuka juu kwa jua lililochomoza baada ya mvua. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili. Aliniambia kwamba mchungaji alitaka wazike mapema, yeye akamzuia kwa siku nzima, akisema Obedi amesikia, yuko njiani. Bibi mwenyewe alikuwa ameagiza hivyo. Alikuwa amesema, mtangazieni, atakuja, redio anayo.

Baadaye tulikaa uani pamoja na wafiwa. Mjomba Asheri, aliyekuwa amesafiri hadi mjini kulipia lile tangazo, hakunipigia kelele. Aliniuliza taratibu, watu wote wakisikia.

"Obedi, tulikuita kwa jina lako kamili. Hukusikia?"

"Sikusikia, mjomba."

Baba Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti, peke yake kati ya waliokaa chini, kikombe cha chai mkononi. Neno moja kutoka kwake lingetosha. Angeweza kusema, kile kidude hakishiki stesheni yetu, mimi ndiye niliyekichagua. Alikunywa chai yake, akaimeza.

"Redio anayo," akasema.

Macho yote yalinigeukia. Mtoto wa kwetu hamkatalii baba yake mkubwa mbele ya wafiwa, lakini hata kama ningeruhusiwa, sikuwa na la kumkatalia. Nilitoa maelezo niliyokuwa nayo, yale niliyoyaamini. Nilisema hewa haikutulia. Nilisema malori yanaichafua.

Mzee mmoja alitoa pumzi puani. Shangazi mmoja aligeukia upande wa pili na kusema, si kwa sauti ya chini, kwamba mtoto amekwenda mjini juzi tu na ameshajua kutunga. Tangu siku ile, kwa upande wa mama yangu, nikawa yule aliyesikia akanyamaza.

Kidato cha tatu mwalimu wa fizikia alichora mawimbi ubaoni. Akatueleza masafa ya kati na masafa mafupi, akatueleza kwamba huku kwetu, nyuma ya vilima hivi na mbali namna hii, redio ya taifa tunaipata kwa masafa mafupi tu, na kwamba mwenye redio ya masafa ya kati peke yake, hapa Tunduma, amejinunulia Zambia. Darasa lilicheka. Niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nilimfuata Baba Mkubwa dukani kwake siku hiyo hiyo. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba ile redio isingeweza, hata malori yangeondoka yote duniani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na Kibemba umekijulia wapi?" akauliza. "Kwenye kwaya?"

Vijana wake wa dukani walicheka sana. Na ni kweli kwamba nilikuwa nimekijua Kibemba, na ni kweli kwamba nilipoajiriwa ofisi za mpakani lugha hiyo ilinisaidia, na kwamba nilipandishwa cheo mapema kuliko wenzangu. Hayo nayaandika kwa kuwa yalitokea. Baba Mkubwa aliyaokota yote, akayafanya yake. Katika kila harusi na kila kikao cha ukoo alisimulia jinsi alivyoninyima bendi tatu na kunifanya mtu. Siku ya mazishi yake jambo hilo liliingizwa hata katika wasifu wa marehemu, baina ya ujenzi wa kanisa na idadi ya wajukuu, nami nilikuwa nimeketi mstari wa mbele nikisikia vizuri kabisa.

Mjomba Asheri alifariki bila mimi kupata nafasi ya kumweleza akanielewa. Mama nilimweleza. Alisikiliza yote, mawimbi na masafa, akasema amenielewa. Lakini kila msiba uliotokea baada ya hapo, hata simu za mkononi zilipoenea na mimi nikiwa nayo mfukoni, mama hakunipigia. Alimtuma mtu aje Tunduma anishike mkono.

Sisemi kwamba mtoto apewe kila anachoomba. Nasema kwamba mtu mzima anayemnyima mtoto kitu, halafu akajipongeza hadharani kwa kumnyima, ana wajibu mmoja mdogo, nao ni kujua hicho alichompa kinaweza nini na hakiwezi nini. Sijawahi kumwona anayeutimiza. Huwaona wakikata keki.

Wiki iliyopita nilikuwa mezani kwa Jofrey. Shule ya Eliza ilikuwa imeuhamishia mtihani wa vitendo siku ya Jumamosi, na mwalimu alikuwa ametangaza hivyo katika kundi la darasa, ambalo kitochi hakiwezi kulifungua. Tangazo lilikuwa katika simu ya baba yake, chini ya picha za mpira. Eliza alikwenda Jumatatu na koti lake jeupe la maabara limepigwa pasi, akakuta chumba kimefungwa, na jina lake limeandikwa kwamba hakutokea. Mwalimu alipiga simu tukiwa tunakula. Jofrey aliweka sauti ya nje ili tusikie jinsi anavyofuatilia masomo ya binti yake. Mwalimu aliuliza kwa upole kama mtoto hakupata taarifa.

"Simu anayo, mwalimu," mwanangu akasema.

Eliza alitazama sahani yake.

Nilimwomba Jofrey arudie alichosema. Akakirudia, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani sikusikia.